Haplotipu t kwa panya wa kisiwani: mbona haienei, na inapimwaje?

Visiwani
Wakuu, nina vipande vya masikio vya panya wa nyumbani (Mus musculus) 20 wa kisiwa kimoja kidogo, viko kwenye ethanoli. Nataka kujua kama wamebeba haplotipu t, yaani kundi la jeni zinazorithiwa pamoja kama kitu kimoja na kujipendelea katika urithi. Dume mwenye nakala moja huipitisha kwa zaidi ya 90% ya watoto badala ya 50%, sasa mbona haijajaa kila mahali?

Kromo17
Inajikaba yenyewe, mkuu. Imechukua karibu theluthi ya kromosomu 17, na ndani yake mna vipande vinne vilivyogeuka kichwa chini. Hapo haibadilishani vipande na kromosomu ya kawaida, hivyo hitilafu ikiingia haitoki. Kiinitete chenye nakala mbili za aina moja mara nyingi hufia tumboni. Zikiwa t za aina mbili tofauti, dume huzaliwa hai ila tasa. Tena jike akipandwa na madume wawili, mbegu za mwenye t huachwa nyuma. Kwenye kundi dogo hata bahati mbaya tu yatosha kuifuta. Wanajenetiki Lewontin na Dunn walilionyesha hilo mwaka 1960. Ikishatoweka kisiwani, hairudi hadi aingie panya mgeni.

Agarosi
Fanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya Hba-ps4, alama iliyo ndani ya eneo la t. Kwenye t kuna nyongeza ya bezi (herufi za DNA) 16, kwa hiyo mbebaji anatoa bendi mbili, yaani mistari miwili ya DNA kwenye jeli. Kwa jeli ya agarosi ya 1% utaziona kama moja. Tumia 3% hadi 4% na uiendeshe polepole. Weka sampuli ya mbebaji anayejulikana pembeni. DNA ikiwa imechakaa bendi moja inaweza kukosekana, basi rudia kila anayeonekana hana.

Ila 20 ni wachache. Hata kama mmoja kati ya kila 10 ni mbebaji, uwezekano wa kutompata hata mmoja ni 12%. Unahitaji 29 ili ushuke chini ya 5%, na ndugu wa kiota kimoja usiwahesabu kama sampuli tofauti.

Visiwani
Asante. Nikisoma jenomu (DNA yote) nzima nihesabu na aleli (matoleo ya jeni) nyingine mbaya?

Kromo17
Hesabu, lakini megabezi (bezi milioni) 40 za mwanzo za kromosomu 17 zichambue peke yake, maana mbebaji wa t ana tofauti nyingi mno pale. Aleli ya asili (iliyokuwepo kabla ya badiliko) iamue kwa Mus spretus, spishi ya panya iliyo jirani, usitegemee jenomu rejea ya C57BL/6J, panya wa maabara. Halafu tenga zilizo nakala mbili na zilizo moja: kisiwani zile zenye madhara madogo ndizo hupanda hadi kila panya anazo, kwani uteuzi asilia hauzioni.