Kuhama Dar kwenda Bukoba: kodi nafuu, mvua mara mbili. Naombeni ushauri

Mama Batiki

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo yamenifika na mimi.

Tupo wanne: mimi, mume na watoto wawili, tumepanga Segerea. Mume ni fundi wa AC na mafriji. Mimi natengeneza batiki hapo hapo uani, nyingine za oda, nyingine nawapelekea akina mama wenye vibanda Kariakoo. Kodi tulianza na 350,000 kwa mwezi. Wiki iliyopita mwenye nyumba kapita akasema mkataba ujao ni 420,000, na miezi sita mkupuo kama kawaida yake. Yaani 2,520,000 mezani siku moja. Jumlisha foleni, jumlisha joto hili la Februari ambalo mtoto mdogo kahamia kulala sakafuni, utanielewa.

Mama mkwe yuko Bukoba. Mwaka jana mwezi wa saba tulimtembelea, tukakaa wiki mbili. Jamani, pale pazuri. Usiku blanketi, asubuhi hewa imepoa, mkungu wa ndizi unapewa na jirani bila kuomba. Mume aliulizia nyumba Rwamishenye, vyumba viwili na sebule kama hii yetu, akaambiwa 180,000. Tangu siku hiyo hanywi chai bila kuitaja Bukoba.

Kinachonisitisha ni mvua. Kila ninayemwambia ananicheka, eti nitaota ukungu mgongoni. Na mtoto wangu mkubwa ana pumu. Nauliza wenyeji na waliowahi kuishi kule: mvua hiyo inavumilika?

Nshomile Mstaafu

Karibu nyumbani, shemeji. Kwanza nikuulize, mwezi wa saba? Hapo ndipo ulipodanganywa, waitu. Juni mpaka Agosti ndicho kiangazi chetu, hata kahawa tunaianika miezi hiyo hiyo. Uliiona Bukoba imevaa nguo ya harusini.

Dar kwa mwaka inapata mvua ya milimita 1,100 hivi. Bukoba inakaribia 2,000. Chanzo ni ziwa. Upepo wa kutoka mashariki unalivuka Victoria lote, unabeba unyevu, ukifika kwetu ukingo wa magharibi unautua. Ndiyo maana Mwanza, ng'ambo ya pili, wanapata kidogo kuliko sisi. Tena mvua yetu haina adabu ya kusubiri mchana. Inapenda usiku na alfajiri, na radi juu. Utazoea kuamka saa kumi usiku kuchomoa friji na televisheni. Sisi tuliozaliwa hapa tunachomoa bila kufungua macho.

Njoo Aprili, halafu ndiyo uulize kama inavumilika.

Jongoo wa Tukuyu

Mimi niliishi Tukuyu miaka mitatu kikazi, na kule nako mbingu haifungwi bomba. Sikukimbia mvua. Nilikimbia nguo mbichi. Sare za shule unafua Ijumaa, Jumatatu kola bado ina ubaridi. Ikabidi kila mtoto awe na sare tatu. Viatu vya ngozi ukiviacha kabatini mwezi mmoja vinaota manyoya ya kijani. Chumvi inakuwa uji. Kiberiti kinalala chini ya mto kama mtoto mchanga.

Na tafadhali sana, usije ukakausha nguo kwa jiko la mkaa chumbani mmefunga madirisha. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, unaua watu wakiwa usingizini.

Lakini chakula, dada! Viazi, ndizi, maharage, maparachichi ya kumwagia nguruwe. Mshahara wangu wa pale ulikuwa mdogo na nilikuwa naweka akiba. Dar napata zaidi, akiba sina.

Fundi Baridi

Nimesoma uzi wote nashangaa mnazungumzia nguo na chumvi. Mama, mumeo ni fundi wa AC. Bukoba, mchana joto ni nyuzi 26, usiku linashuka hadi 17. Nani ataweka AC? Mimi ni fundi mwenzake, niko Mwanza. AC za Bukoba ni za benki, hoteli na ofisi chache, na wana mafundi wao. Shemeji sasa hivi Desemba mpaka Machi simu yake haipoi, sivyo? Hiyo miezi minne ndiyo inayolipa ada.

Mama Batiki

Fundi Baridi umenishika pabaya. Nimemsomea ujumbe wako kwa sauti, kanyamaza, kaenda kukaa nje. Karudi anasema mafriji yapo kila mahali na kule kuna samaki.

Fundi Baridi

Hajakosea. Friza za samaki zinafanya kazi usiku na mchana, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kompresa zinaungua. Kazi ipo. Ila ajue anabadilisha wateja: kutoka meneja wa Masaki anayelipia huduma AC sita kwa mkupuo, kwenda mama muuza samaki mwenye friza moja anayelipa kwa awamu, nusu pesa nusu sato. Aende mwenyewe na mkoba wa vifaa, akae mwezi, ahesabu simu atakazopigiwa.

Binti Sabuni

Hakuna aliyemuuliza kuhusu batiki? Mimi nilifanya batiki miaka minne kabla ya kuhamia sabuni. Dada, wewe kitambaa kimoja unakianika mara ngapi?

Mama Batiki

Chenye rangi moja, mara mbili. Nagonga muhuri wa nta, nachovya kwenye rangi yenye kostiki na haidrosi, zile dawa za kuyeyushia rangi, naanika kivulini ili rangi iive na hewa. Kikikauka nakichemsha kutoa nta, nasuuza, naanika tena. Chenye rangi mbili ni mara tatu, kwa sababu nta ya pili haishiki kitambaa chenye unyevu. Hapa Segerea natoa vipande 60 kwa mwezi nikikazana.

Binti Sabuni

Basi jibu lako unalo mkononi. Kivuli Bukoba kipo tele. Je, hewa kavu?

Mhasibu wa Mtaani

Ngoja niweke namba, maana maneno ni mengi. Kipande kimoja kinakuachia faida kiasi gani ukitoa kitambaa, rangi na mkaa?

Mama Batiki

Kama 6,000.

Mhasibu wa Mtaani

Vipande 60 ni 360,000 kwa mwezi. Kodi ikishuka kutoka 420,000 hadi 180,000 mnaokoa 240,000. Sasa gawa 240,000 kwa 6,000, unapata vipande 40. Maana yake, mvua ikikushusha kutoka vipande 60 hadi 20 kwa mwezi, nafuu yote ya kodi imeliwa. Bado sijagusa pato la mumeo, wala nauli ya kusafirisha mzigo kuja Kariakoo, kilomita 1,400 hivi. Kwa ninavyoona, mji mlioutaka kwa ubaridi wake ndio unaowanyima kazi wote wawili. Mumeo anaishi kwa joto la watu wengine, wewe unaishi kwa upepo mkavu. Sisemi msihame. Nasema swali lako la mvua uliliuliza kama mtu anayeogopa kulowa, kumbe lilikuwa swali la mtaji.

Senene Mkaango

Hesabu zenu hazina senene. Novemba wanapoanguka, mtu anajaza ndoo usiku mmoja. Weka na hiyo kwenye mizania.

Nesi wa Zamu

Kuhusu mtoto. Pumu haitabiriki kwa jina la mji. Wapo wanaosumbuliwa na vumbi na moshi wa Dar wakapata nafuu sehemu za kijani, na wapo wanaozidiwa na baridi na ukungu wa ukutani. Wiki mbili za kiangazi hazikupi jibu. Msihame kabla ya kukaa na daktari wake, muulize pia dawa zake zinapatikana vipi kule na nani atamfuatilia.

Nyumba mtakayopanga ndiyo muhimu kuliko mvua yenyewe. Ukienda kuiona, usiangalie vigae. Vuta kabati, pitisha kiganja nyuma yake ukutani, halafu unuse. Angalia kona za dari. Ukikuta ukuta umepakwa rangi mpya mita moja tu kutoka chini, jiulize kinafichwa nini. Na usipange bondeni karibu na Mto Kanoni, hata kwa bei ya bure. Ukijaa, unaingia sebuleni bila hodi.

Mkazi wa Kibeta

Mimi nilihama Dar, sijutii, lakini nieleze nafuu iko wapi na haiko wapi, maana watu wanachanganya. Ndizi, maharage, samaki, kahawa, kodi: nafuu kweli. Kitu chochote kinachopanda lori kutoka Dar kina nauli yake ndani: bati, vyombo, hizo rangi zako za batiki. Shuleni na kazini mnakwenda kwa miguu, hilo ni pesa ambayo hamtaiona ikitoka. Kuna watakaokutisha na tetemeko la Septemba 2016. Lilikuwepo, nyumba nyingi zilianguka, mimi ukuta wangu wa jikoni una mstari mpaka leo. Kagua nyufa, basi.

Kuhusu kuanika: waangalie wanaoanika dagaa ufukweni. Kiangazi wanacheka. Masika dagaa wanaoza kwenye mchanga wakiwa wanawatazama. Mwenzio mmoja wa hapa anayefuma vikapu amejenga banda uani, paa la bati la plastiki linalopitisha mwanga, pande zote wazi. Ukindu wake unakauka hata siku ya manyunyu, ila kwa siku mbili badala ya nusu siku. Fikiria kitu kama hicho, na gharama yake iingie kwenye hesabu za mhasibu.

Mama Batiki

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Tumekaa jana mpaka saa sita usiku. Mwenye nyumba tumemwomba atupe mkataba wa miezi mitatu badala ya sita, kakubali kwa kununa. Watoto wanabaki Dar na dada yangu, hatuwahamishi shule katikati ya mwaka. Aprili mimi na mume tunakwenda kwa mama mkwe, yeye na mkoba wake wa vifaa, mimi na vitambaa kumi, nta na rangi. Nitaanika nione.

Mkazi wa Kibeta

Beba viatu vya mpira.

Mama Batiki

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Tuko Bukoba siku ya tisa. Tulitoka Mbezi asubuhi, tukafika kesho yake tumekunjamana kama nguo za kwenye ndoo, na mvua ikatupokea stendi.

Vitambaa vinne vya kwanza nilianika barazani kwa mama mkwe. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Katikati vilikauka, kwenye pindo vikabaki na unyevu, na viwili rangi imetoka na mabaka kama ramani. Mama mkwe anasema vizuri, eti vina mawingu, kachukua kimoja kajifunga. Vya pili nimevitundika juu ya kamba jikoni kwake, mbali na moto, vimekauka kwa siku mbili lakini vinanuka moshi wa kuni mpaka leo. Banda la bati la plastiki nimeulizia kwa fundi, nasubiri bei.

Huyu mwenzangu sasa. Siku ya nne mama mkwe alimtaja kanisani kwamba mwanawe anatengeneza friji. Tangu hapo sijamwona mezani saa za mchana. Leo katoka alfajiri, friza ya samaki imegoma huko sokoni. Karudi saa tisa kalowa chapachapa, mkononi kashika elfu ishirini na sangara aliyefungwa kwenye jani la mgomba.

Nimwambie nini?