Naombeni ushauri: siku tatu za kuwinda swala Manyoni, mwaka jana nilirudi na vumbi tu

Mtoto wa Chang'ombe: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mjomba ana leseni ya mkazi: swala pala wawili na nsya (paa mdogo wa vichakani) mmoja, eneo la wazi, yaani nje ya mapori ya akiba, huko Manyoni. Tuna siku tatu. Mwaka jana tulizunguka na gari kutwa, mafuta yakakata, tukarudi Dodoma mikono mitupu. Mke wangu hadi leo akiona sufuria tupu ananiuliza kama nimetoka porini. Safari hii nifanyeje? Jaketi zito la bluu nimeshanunua, maana asubuhi kuna baridi.

Mzee wa Miombo: Marahaba kijana. Kosa lenu ni gari. Laleni hukohuko, saa kumi na moja alfajiri muwe mmeshakunywa chai. Jua likishachoma swala yuko kivulini, na wewe kaa kivulini. Majivu weka kwenye soksi kuukuu, itikise kila baada ya hatua kadhaa uone upepo unaelekea wapi. Ukikupiga mgongoni, zunguka, hata ikugharimu saa nzima. Kundi likikoroma mmeshaonekana. Msilikimbize, kaeni chini kimya. Na dume akisimama majike yakiwa nyuma yake, subiri. Risasi hupita kwa mmoja ikampata wa pili, hapo mjomba atajieleza.

Fundi Risasi: Swala pala jike hana pembe, kwa hiyo kisingizio cha kumpiga jike ukidhani ni dume hakuna. Halafu Pori la Akiba Muhesi liko jirani na halina ukuta, msije mkaingia bila kujua; tembeeni na askari wa wanyamapori anayeijua mipaka. Tandala kama hayumo kwenye kibali, mpige picha tu.

Binti Kondoa: Wote mnaongelea kupiga, nyama je? Baba alikuwa anapasua tumbo palepale, anatundika kivulini ipoe. Mkiipakia ya moto kwenye viroba, mkifika Bahi inanuka. Kama nyumbani kuna Waislamu, mpigaji awe Mwislamu, bismillahi itangulie risasi, na kisu kiwe karibu.

Mla Ubuyu: Ikishindikana pitia bucha la nyamapori, shemeji hatajua 😂

Mzee wa Miombo: Nilisahau. Jaketi la bluu liache. Mbung'o wa huko wanafuata bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu. Vaa kaki.

Mtoto wa Chang'ombe: Asante mzee wangu. Jaketi nimempa mjomba, kashukuru sana. Nimwambie?

Mla Ubuyu: Mwenye leseni ni nani? Mwambie.