Usiku wa Queen Malindi: gita langu linatoka laini mno

Mpiga solo, Malindi:
Wenzangu, bendi yetu hupiga kopi (nyimbo za wengine) hotelini, na mwezi ujao tumeombwa nyimbo za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, usiku kucha. Mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, ni mtoto wa pwani hii, sitaki tumharibie. Solo za mpiga gita wao Brian May nimezishika, ila sauti haina ule mkwaruzo wake. Nifanyeje?

Kijana wa Shela:
Achana na piki ya plastiki, kile kibao cha kupigia nyuzi. May hupigia sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Yale meno ya ukingoni ndiyo yanayokwaruza waya. Tafuta sarafu yenye meno, uishike kwa wepesi. Nyuzi zitalika upesi, weka za akiba.

Mzee wa Besi, Lamu:
Sarafu sawa, lakini mwanangu, msikilize mpiga gita Jimi Hendrix kwanza; Freddie na May wote walimpenda mno. Na nyuma yake kuna bluzi, muziki wa Wamarekani weusi ulioizaa roki. Bendi ya roki ya Rolling Stones hata jina walilitoa kwenye wimbo wa mwanabluzi Muddy Waters wa 1950! Halafu zile sauti za juu za Queen msimtwike mwimbaji mmoja. Studioni Freddie, May na mpiga ngoma Roger Taylor walizirundika pamoja. Nyinyi mko wangapi wa kuimba?

Mpiga solo, Malindi:
Watatu, Mzee. Shukran sana, kesho mazoezini tunaanza na sauti.