Mjadala: Messiah ya Handel kwa ala za kale, je, ndiyo "halisi"?

MLETA MADA

Wakuu, Kwaresima iliyopita mazoezi ya kwaya yetu yalikwama kwa sababu ya rekodi moja. Kijana wa sauti ya tatu alikuja na rekodi ya Messiah, ile kazi kubwa ya kwaya na orkestra ya mtunzi Handel, iliyoongozwa na Christopher Hogwood kwa ala za kale na kutoka mwaka 1980, akatusikilizisha Aleluya Kuu kwenye spika ndogo. Mzee wetu mmoja wa sauti ya nne akasema, "Huo ni mchakamchaka, siyo Aleluya." Kijana akamjibu kwamba hiyo ndiyo halisi, na kwamba tunayoimba sisi ni mazoea ya Waingereza wa karne ya 19. Wakanuniana. Tangu siku hiyo nimesikiliza rekodi nyingi, na naona kila mmoja wao kashika kipande.

Tukumbushane ilikotoka. Handel aliiandika London kwa siku 24 tu, kuanzia 22 Agosti 1741, kwa aya za Biblia alizopangiwa na Charles Jennens. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742, kuchangia hospitali na kuwakomboa wafungwa wa madeni. Kwaya ilikuwa ya waimbaji 32 hivi, kutoka makanisa makuu mawili ya mji ule. Handel akafariki 1759. Mwaka 1784, pale Westminster Abbey, waimbaji na wapigaji kwa pamoja walizidi 500. Mwaka 1789 Mozart aliiongezea klarineti, filimbi na trombone kwa ajili ya Vienna. Kufika 1857, kwenye jumba la Crystal Palace, kwaya ilikuwa na watu wapatao 2,000. Na mwaka 1959 mwongoza orkestra Thomas Beecham akairekodi ikiwa na matoazi na pembetatu! Ukubwa huo ndio tuliourithi.

Ndipo wakaja watu wa ala za kale. Wakarudisha violini zenye nyuzi za utumbo wa kondoo badala ya chuma, tarumbeta zisizo na vali, ngoma za ngozi, na hapsikodi, kinanda kinachodonoa nyuzi badala ya kuzigonga. Wasiowahi kusikia wanadhani tofauti ni umri wa vyombo tu. Hapana. Uzi wa utumbo hauna ule mng'ao mkali wa chuma. Unatamka, halafu unanyamaza haraka. Upinde wa zama zile nao ni mwepesi, unakata sentensi kama mtu anayesema. Matokeo yake maneno ya kwaya yanasikika. Mimi nimeimba "And with His stripes" (Kwa kupigwa kwake) kwa miaka, na mara ya kwanza kusikia sauti zote nne zikiingia moja baada ya nyingine bila kumezana ilikuwa kwenye rekodi ya namna hii.

Lakini neno "halisi" nalikataa. Handel mwenyewe hakuwa na Messiah moja. Kila msimu alibadilisha kufuatana na waimbaji aliowapata. Mwaka 1750 alimpata Gaetano Guadagni, akaandika upya "But who may abide" (Ni nani atakayestahimili) kwa ajili yake, na ule mwendo wa kasi wa katikati, penye maneno ya moto, ukazaliwa hapo. Hogwood alifuata toleo la 1754. John Butt na kundi lake la Scotland, Dunedin Consort, mwaka 2006, walifuata lile la Dublin la 1742, kwa kundi dogo ambalo waimbaji wake ndio hao hao waliopokezana solo. Zote mbili ni za ala za kale, na hazifanani. Sasa kijana wetu atuambie, halisi ni ipi?

MPIGA KINANDA

Mleta mada, umesema vizuri juu ya nyuzi, ila hesabu ya watu umeipita haraka, na ndiyo yenye uzito. Malipo ya onyesho la 1754 kwenye Foundling Hospital, kituo cha watoto waliotelekezwa London, yameandikwa na yapo. Wapigaji walikuwa 38, wakiwemo wa oboi wanne na wa basuni wanne. Waimbaji wa kwaya walikuwa karibu nusu ya hao, sita kati yao wavulana. Yaani wapigaji walikuwa wengi kuliko waimbaji! Sisi tuna waimbaji 60 na kinanda kimoja cha umeme. Hatuwezi kujua Handel alikusudia uwiano gani mpaka tusikie rekodi hizi.

Na oboi tusiione ngeni. Ni ndugu wa zumari ya Pwani, mwanzi wake ni wa pande mbili vilevile. Sikilizeni oboi za kale zinavyobeba sauti ya kwanza kwenye koruso, yaani nyimbo za kwaya nzima, mtajua kwa nini zumari hupigwa uwanjani.

Jambo lingine ni kimo cha sauti. Rekodi nyingi za ala za kale zinashusha noti ya A hadi mitetemo 415 kwa sekunde, wakati vinanda vyetu viko 440. Ni karibu nusu toni. Pale "Mfalme wa wafalme" sauti ya kwanza wanapopanda ngazi moja moja, nusu toni hiyo ndiyo tofauti ya kuimba na kupiga kelele. Akina mama wetu wanaumia koo kila Pasaka na tunawaambia wasali zaidi.

SAUTI YA NNE

Mimi ndiye mzee mnayemsema, au mwenzake. Naomba nisikilizwe.

Mnahesabu wapigaji. Mimi nawaomba mfungue Ufunuo 19:6, aya ambayo Aleluya ile imetolewa. "Nikasikia sauti kama sauti ya makutano mengi, na kama sauti ya maji mengi, na kama sauti ya radi yenye nguvu." Makutano mengi! Waliokusanyika Westminster Abbey mwaka 1784 hawakuwa wameharibu kitu. Walisoma aya wakaitii. Handel alikuwa na pesa za kuwalipa watu wachache, akatumia wachache. Kwenye ile misa ya mkesha, kanisa limejaa mpaka nje, taa zimewashwa, halafu mniletee waimbaji 20 wanaokimbia? Moyo wangu haupandi.

MLETA MADA

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya Ufunuo imenigusa, na sina jibu la kuivunja. Kwa Aleluya nakubali, umati una haki yake.

Ila Messiah siyo Aleluya peke yake, na hapo ndipo kwaya zetu zinapokosea. Chukua "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa". Zile noti zinazokimbia juu ya neno "born" (amezaliwa), Handel hakuzitunga kwa kwaya. Alizitoa kwenye wimbo wake wa Kiitaliano wa Julai 1741, wa sauti mbili tu, wenye maneno ya mapenzi. Koo la mtu mmoja linazipitia kama maji. Watu 60 wakizipita lazima wapunguze mwendo, la sivyo zinakuwa uji. Kwenye rekodi ya John Eliot Gardiner ya 1982, na hata ya Trevor Pinnock ya 1988, koruso hiyo inacheza kabisa, na waimbaji wa yale maneno ya Isaya wanafurahi kama watu waliopata mtoto kweli.

FUNDI SAUTI

Nifanyaye kazi studio naona mnaziamini hizi rekodi kupita kiasi. Tarumbeta ya kale haina vali wala tundu. Inatoa noti za asili tu, kama baragumu, na baadhi zinatoka zimepinda, mpigaji anazinyoosha kwa midomo. Kwa hiyo wapigaji wengi wa leo hutumia tarumbeta zilizotobolewa vitundu, jambo la karne ya 20, ili rekodi isiwe na dosari. Wavulana nao, Hogwood aliwatumia wa Christ Church, Oxford, lakini Gardiner na wengine wengi wanaimbisha wanawake sauti ya kwanza. Na studio tunaunganisha vipande, bora cha jana na bora cha leo. Hakuna sikio la 1742 lililowahi kusikia Messiah isiyo na kosa hata moja.

Mwanamuziki na msomi wa Marekani, Richard Taruskin, alisema wazi kwamba kinachoitwa ukale hapa ni ladha ya karne ya 20: haraka, safi, bila machozi. Mimi niko upande wake.

SAUTI YA PILI

Kaka fundi, kuhusu machozi, nawaletea Susannah Cibber. Huyu ndiye aliyeimba "Alidharauliwa na kukataliwa na watu" kule Dublin. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, sauti yake ndogo, na jina lake lilikuwa limechafuliwa London kwa kesi ya ndoa. Handel alimchagua. Inasimuliwa kwamba Kasisi Delany alisimama katikati ya ukumbi akapaza sauti kuwa kwa wimbo huo asamehewe dhambi zake zote.

Sasa mimi huwa natafuta rekodi kwa wimbo huo. Ala za kale zinaninufaisha hapo kuliko kwenye koruso zote, kwa sababu violini zinajibu kwa vikohozi vifupi vya kilio na kumwachia mwimbaji nafasi ya kunyamaza. Orkestra kubwa inaujaza ule ukimya. Mwanamke aliyedharauliwa aliimba juu ya aliyedharauliwa, na kimya kilikuwa nusu ya wimbo. Ladha ya karne ya 20 haikukibuni kimya hicho, kimeandikwa kwenye nota. Tazameni mapumziko.

SAUTI YA NNE

Binti, nimetazama. Kweli yamejaa.

Usiku wa jana mjukuu alinitafutia ile ya Dublin ya 2006. Aleluya yake bado naiona nyembamba, sitasema uongo. Lakini niliacha iendelee mpaka "Maana parapanda italia". Mimi nimeusikia wimbo huo kwenye misiba mingapi, na tarumbeta siku zote inamfunika mwimbaji, tunaona sawa kwa kuwa ni parapanda ya mwisho. Hii haikumfunika. Walikuwa wawili wanaongea, sauti ya nne na shaba, na kila neno la "nasi tutabadilika" nililisikia.

Mleta mada, mazoezi ni Jumanne? Mwambie yule kijana aje na spika yake. Na aje na nota za wimbo huo, toni ishushwe kama alivyosema mpiga kinanda.