Wafugaji wa tarantula wa mitini, tupeane uzoefu wa kuandaa makazi yake

#1
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa wanaofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, hasa aina zinazoishi juu ya miti: Avicularia, Caribena, Psalmopoeus, Poecilotheria na jamaa zao. Maelekezo mengi yanayozunguka yanawahusu wale wa kuchimba mashimo. Anayeanza akiyafuata anamweka wa mitini kwenye boksi pana, fupi, lililojaa udongo.

Nianze na wangu, Avicularia avicularia jike, yule mwenye ncha za miguu za waridi. Chombo chake ni cha kioo, sentimita 20 kwa 20, kimo 30. Chini kuna makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina kama sentimita 5, ya kushika unyevu tu maana huyu hachimbi. Nimesimamisha kipande cha gome chenye mvungu, kimeegemea ukuta wa nyuma na kufika karibu na juu. Majani ya plastiki nimeyabana juu, siyo chini, kwa sababu ndiyo anayoshikizia utando. Alianza kufuma pale majani yanapogusa mdomo wa gome, na sasa ana mrija mnene wa utando wenye milango miwili. Mchana huoni kitu ila zile ncha za waridi zimechungulia mlangoni.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hewa. Chombo kiwe na matundu upande mmoja karibu na chini, na mengine upande wa pili juu, ili hewa ipite. Watu husikia "katoka msitu wa mvua", wanaziba matundu na kupulizia maji kutwa. Hewa nzito yenye unyevu uliotuama inawamaliza Avicularia wengi, hasa wadogo. Kule juu mtini anakotoka, upepo haukauki. Mimi nina kibakuli cha maji na nalowesha kona moja tu ya makumbi, kisha naiacha ikauke.

#2
Mkuu umenena. Mimi nalea kitoto cha Caribena versicolor, wale wa kisiwa cha Martinique, wakiwa wadogo ni buluu mtupu. Kwa saizi hiyo natumia kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga, nimekitoboa ubavuni kwa sindano ya moto, halafu nimekigeuza: kifuniko ndiyo sakafu, makumbi yamekaa humo. Yeye hufuma juu kabisa, kwa hiyo nikifungua kwa chini utando wake haujaguswa. Maji namdondoshea tone moja kwenye utando, analinywa hapo hapo.

#3
Hilo la kufungua ndilo lililonifanya nichague chombo chenye mlango wa mbele. Wangu ni Psalmopoeus irminia, mwepesi ajabu. Kilichokuja naye kilikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma juu. Kila ukikiinua unabomoa nyumba yake, naye anatoka mbio kupanda mkono. Isitoshe, kucha za tarantula hunasa kwenye wavu, na akijivuta anaweza kupoteza mguu. Wavu niliutoa, nikaweka bamba la plastiki lenye matundu madogo.

#4
Vipi kuhusu joto? Niweke taa?

#3
Hapana, taa inamkausha. Nyuzi joto 22 hadi 28 zinamtosha, vyumba vingi vinafika hapo vyenyewe.

#5
Kwa wenye Poecilotheria, nina regalis kutoka India. Mwili wake umebapa, anapenda ufa mwembamba, kwa hiyo gome lenye mvungu mpana halimpi amani. Mpe maficho ya kweli, maana asipojificha hukimbia hovyo kila mlango ukifunguliwa. Hana nywele za kuwasha, kinga yake ni mbio na meno, na sumu yake huleta maumivu makali na kukaza kwa misuli. Sifungui kabla sijamwona yuko wapi, na kikopo cha kumfunikia kiko mkononi. Kibano kiwe kirefu. Kwa anayeanza, anza na Avicularia.

#6
Naongezea kujivua gamba. Akijifungia ndani ya utando na kukataa chakula, toa nyenje wote uliomwekea kama chakula humo, maana nyenje anaweza kumng'ata akiwa laini. Usichungulie kwa kupasua utando, hata zikipita wiki nyingi. Maji yawepo. Akishajivua, tazama meno: mwanzo meupe, yanapita kwenye wekundu, kisha meusi. Mimi simpi chakula mpaka yawe meusi.

#4
Asanteni sana. Na kinyesi? Naona picha za vioo vimechafuka kwelikweli.

#1
Wa mitini hurusha kinyesi mbali, kitagonga kioo tu. Nafuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, bila sabuni wala dawa yoyote, na upande alioshikiza utando siugusi.