Bia ya Julai Nairobi: mnakunywa nini baridi ikizidi?

KijanaWaKasarani

Wadau, hamjambo. Ni Jumapili, nimo ndani hapa Kasarani na sweta mbili, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Binamu yangu anasoma Munich, ananitumia picha za bia za huko, na kila msimu una yake: ya Kwaresima, ya kiangazi, ya Oktoba, ya Krismasi. Mimi nikiingia baa ya mtaani, Januari nakuta chupa zile zile na Julai nakuta zile zile.

Nauliza mambo mawili. Kwa nini sisi hatuna bia ya msimu? Na miezi hii ya baridi, ukipata siku yako ya kupumzika, unakunywa nini na unakula nini nayo? Sitafuti kulewa. Chupa mbili zanitosha, ila nataka ziwe mbili za maana.

Wa_Donholm

Tusker moto (isiyopitia friji), supu ya mbuzi kando, pilipili ya kutosha. Mimi sina zaidi.

BinamuWaMunich

Nimekuona, binamu. Acha nijibu hilo la kwanza. Bia za msimu za huku zilianza kwa shida, raha ilikuja baadaye. Zamani bia iliyopikwa kiangazi ilikuwa inaharibika, basi mwaka 1539 Bavaria ikapiga marufuku kupika bia kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba. Kwa hivyo Machi walipika ya mwisho, wakaiongezea nguvu kidogo ili idumu, wakaihifadhi kwenye vyumba vya chini ya ardhi pamoja na barafu iliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi. Vuli ikifika, iliyobaki ilinywewa ikamalizwa ili mapipa yawe tayari kwa mpya. Ndiyo Märzen niliyokutumia picha yake.

Sherehe yenyewe ya Oktoba ilianza 1810, kwenye arusi ya mwana wa mfalme Ludwig na Therese, na siku hizi huanza Septemba. Ndani ya mahema huuzwa bia za viwanda sita vya Munich peke yake, kwa glasi za lita nzima. Usijaribu kushindana na Wajerumani kwenye hizo glasi.

Sasa sikia hili. Miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine ya kupoza, na kiwanda cha Spaten hapa Munich kikawa miongoni mwa vya kwanza kuitumia. Haja ya kungoja Machi ikaisha. Watu waliendelea na bia zao za msimu kwa sababu walikuwa wameshazipenda.

MamaWaKaunta

Asante binamu mtu, umenisaidia. Viwanda vya wenzetu vilizeeka bila mashine ya barafu. Chetu cha Ruaraka kilianza 1922, kreti za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley, na wakati huo mashine ilikuwa imeshazoeleka duniani. Hakuna joto lililowahi kutulazimisha kuficha bia tangu Machi. Kwa hivyo lebo zetu hazina msimu.

Lakini mwanangu wa Kasarani, mimi nimeuza bia miaka mingi, kwanza Ruaraka, halafu Githurai, na sikubali kwamba Nairobi haina msimu wa bia. Kwetu msimu uko kwenye jibu la mteja. Ukiketi baa unaulizwa, "Baridi ama moto?" Bia moto ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kuonja friji. Januari na Februari, jua likiwa kali, wanaoitaka ni wachache mno. Nilikuwa napanga chupa kwenye friji na kabla hazijashika baridi zimeshaitwa mezani. Ikifika katikati ya Juni, mji umefunikwa na mawingu, wazee wanaingia na makoti, kofia hazivuliwi, na meza baada ya meza ni moto, moto, moto. Friji ile ile inakaa imejaa hadi Agosti iishe. Nilijua jua linarudi siku mteja wa kwanza alipoishika chupa kwa kiganja akasema, "Mama, hii badilisha, niletee ya friji."

Wengine hudhani ni kuogopa kikohozi. Ladha nayo ina neno lake. Ubaridi mkali unafunga ladha, na bia nyeusi ndiyo inayoumia zaidi. Chukua Guinness ya friji: unapata uchungu, basi. Chukua nyingine iliyokuwa sakafuni stoo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Julai saruji ya stoo inaipoza chupa yenyewe kwa kiasi kinachofaa. Inamisha glasi, mimina polepole ubavuni, ukifika robo ya mwisho isimamishe glasi wima ili povu lipande. Povu lake ni la rangi ya udongo, zito, linaacha mstari kwenye glasi kila unapopiga funda. Ngoja kidogo. Harufu ya nafaka iliyokaangwa inakuja kwanza, karibu na kahawa inayochomwa, halafu uchungu, na nyuma kabisa kuna utamu ambao friji ingekunyima. Hiyo moja kwa saa nzima inatosha mtu mzima. Ina nguvu kuliko laga, yaani bia nyepesi kama Tusker, usiinywe kwa kasi ya laga.

Ningesikilizwa na watu wa viwanda, ningewaomba bia moja ya Juni hadi Agosti peke yake: nyeusi, ya shayiri ya Mau Narok, na mtama ndani yake, na asali kidogo ya Baringo. Mtama tayari wanaujua, kegi ya Senator imekuwa ikipikwa nao miaka yote hii. Waiuze miezi mitatu, waiondoe, watu waingoje. Kungoja ni sehemu ya utamu, na hilo ndilo tunalowakosea wanywaji wetu kwa kuwapa kila kitu mwaka mzima.

Chakula: mutura, ile soseji ya kienyeji ya utumbo uliojazwa nyama na damu. Nenda kwa yule anayechoma kwenye makaa madogo, si yule anayeiunguza nje ndani mbichi. Iliyoiva vizuri ngozi yake inakaza na kutoa mlio mdogo kisu kikipita. Akukatie vipande vyembamba kwenye ubao, chumvi na pilipili pembeni, ule umesimama. Mafuta yake na ule uchungu wa bia nyeusi vinapatana sana. Nyama choma nayo ni nzuri, ila nyama choma ni ya jua, ya kukaa nje Kenyatta Market na kachumbari na marafiki sita. Julai ni ya mutura, supu, na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili.

Na ukae na watu. Kule Githurai tulikuwa na jiko la makaa katikati ya ukumbi miezi hii, milango wazi kwa ajili ya moshi, na kando yake wazee wawili na ubao wa drafti. Kete zao vifuniko vya chupa, mmoja amevilaza chali, mwingine kifudifudi. Mchezo mmoja ulikuwa unamaliza chupa moja tu kila upande. Sijaona starehe iliyopangika kuliko ile, na hakuna aliyekuwa ameipanga.

Nduta_wa_Parklands

Mimi sinywi pombe, lakini swali la pili naliweza. Julai nakunywa dawa: tangawizi mbichi imepondwa (si ya unga), ndimu, maji yanayochemka, asali inatiwa mwisho ikishapoa kidogo. Natia kwenye chupa ya chai, naenda nayo Arboretum, ile bustani ya miti, asubuhi kabla watu hawajajaa. Miti ya pale ilianza kupandwa 1907, kwa hivyo hata manyunyu yakikukuta unapata pa kujikinga. Nakaa, nasikiliza ndege, narudi nyumbani kupika.

Ila nawaambia watu wa bia: msimu wangu mkubwa ni Oktoba, mijakaranda ikichanua. Barabara zote za upande wa State House zinakuwa za zambarau chini na juu. Mkitaka sherehe ya Oktoba ya Nairobi, maua yapo tayari.

BabuLimuru

Vijana, mnatafuta pombe ya msimu kwenye chupa na nyinyi mna muratina, pombe yetu ya asali ya Wakikuyu. Tunda la mti wa muratina hukatwa, huchemshwa, hukaushwa juani hadi libaki nyuzi tupu. Hamira inakaa kwenye hizo nyuzi, ndiyo maana mama yangu alikuwa halitupi tunda. Alilikausha akalitundika darini kungoja shughuli ijayo. Unalitia kwenye maji ya asali ndani ya kibuyu, unaweka karibu na moto, maana bila joto haichachuki. Limuru mwezi Julai, hata karibu na meko, inajikokota. Kwa hivyo kwetu muratina tamu ni ya Desemba, siku zina joto, watoto wamefunga shule, na nyumba fulani ina ruracio, sherehe ya mahari. Huwezi kuinunua ikiwa ile ya kweli. Unaalikwa.

Na inywewe kwa pembe ama kibuyu, kwanza wazee, mkiwa mmeketi. Nawasihi pia muwe waangalifu: vinavyouzwa kwa jina hilo vichochoroni vingi ni maji ya sukari na hamira ya dukani.

KijanaWaKasarani

Mama, Babu, Nduta, binamu, asanteni sana. Nimeshaamua: wiki ijayo, Guinness ya stoo na mutura. Babu, Desemba nikialikwa nitakuja na shuka la kukaa. Mama, maswali mawili ya mwisho. Baa ya hapa huweka kreti zote juani nje ya mlango wa nyuma, bia ikitoka huko si tatizo? Na nikienda ile baa ya Githurai Jumapili, nifike saa ngapi nipate nafasi karibu na jiko?

MamaWaKaunta

Tatizo kubwa, mwanangu. Jua linaharibu bia hata ndani ya chupa ya kahawia, na chupa ya kijani au nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Utaijua kwa harufu: inavunda kidogo pale unapofungua. Omba kreti ya ndani, na kama weita anakusumbua mwambie ungependa ile iliyo chini kabisa ya stoo. Mtu wa kaunta anayeipenda kazi yake ataenda kukuletea. Asiyetaka, badilisha baa. Kasarani hamkosi.

Saa: kwa sheria ya 2010 wikendi baa zinafunguliwa saa nane mchana, siku za kazi saa kumi na moja jioni. Fika saa nane na nusu. Saa tisa wazee wa drafti wanakuwa wameshachukua upande wa jiko na hawaondoki hadi giza. Kula kwanza, halafu ndipo uagize ya kwanza. Gari liache nyumbani.