Draiva ya kipimamvua inagandisha kompyuta umeme ukikatika

kipimamvua_tky
Wakuu, habari. Nina draiva ya USB niliyoandika kusoma kipimamvua, Tukuyu huku. Debian 12, kerneli (kiini cha mfumo) 6.1. Kompyuta iko kwenye UPS (betri ya akiba), lakini habu ya USB (kigawanyio cha milango) haiko kwenye UPS. Umeme ukikatika, habu inazima na kompyuta inaganda kabisa. `journalctl -k -b -1` (logi ya kerneli ya kabla ya kuwasha upya) haionyeshi kitu. Picha ya skrini:

`BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018`
`RIP: 0010:mvua_poll+0x2c/0x90`
`Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt`

`mvua_poll` inaitwa na taima kila sekunde. Niweke `if (!dev) return` (pointa ya kifaa ikiwa tupu, toka) yaishe?

nyanda_juu
Hapana mkuu. 0x18 ni baiti 24: pointa (anwani ya data) ni NULL, yaani tupu, nawe unasoma kilicho baiti 24 ndani ya struct (kifungu cha data). Mstari wenyewe utaupata hivi, mradi moduli ni ileile iliyoanguka na ilijengwa na CONFIG_DEBUG_INFO (taarifa za utatuzi):

`./scripts/faddr2line mvua.ko mvua_poll+0x2c/0x90`

Logi huioni kwa sababu kosa limetokea ndani ya intarapti (kazi inayokatiza nyingine), kerneli ikasimama kabla ya kuandika diskini. Washa netconsole (inayotuma logi mtandaoni), ipeleke kwa UDP kwenye mashine ya pili.

mzee_wa_uyole
Mimi nashuku `disconnect`, sehemu ya draiva inayoitwa kifaa kikiondoka. Ikimalizika tu, kerneli yenyewe inaweka NULL kwenye intfdata (pointa ya data ya kifaa), hata kama wewe hukuweka. Taima haina habari; inaita `usb_get_intfdata`, inaambulia patupu. Hiyo `if` haikuokoi: ukishakagua tu, `kfree` (kuachia kumbukumbu) inaweza kupita kwenye kori nyingine ya prosesa kabla hujasoma.

kipimamvua_tky
Kweli, `disconnect` ina `kfree(dev)` tu. Taima inatuma URB (ombi la USB), na URB ikirudi inawasha taima upya.

mzee_wa_uyole
Basi hapo mpangilio ndio kila kitu. `usb_poison_urb` (kuzuia URB) kwanza, ndipo `del_timer_sync` (kuzima taima), kisha `usb_free_urb`, `kfree` mwisho. Ukianza na taima, URB inayorudi itaifufua. Na usiite `del_timer_sync` ukiwa umeshika spinlock (kufuli) ambayo `mvua_poll` nayo inaitaka, mtasubiriana milele. Ndani ya taima omba kumbukumbu kwa GFP_ATOMIC (haisubiri), siyo GFP_KERNEL (inaweza kusubiri).

nyanda_juu
Kujaribu, usingoje umeme ukatike (ingawa masika hutangoja sana). Andika jina la kiolesura, mfano `1-1.2:1.0`, kwenye `/sys/bus/usb/drivers/mvua/unbind` (kutenganisha draiva), kisha kwenye `bind` (kuiunganisha tena), rudia mara 100 kwa kerneli yenye KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu). Bila KASAN, kosa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha achiwa linaweza kupita kimya.